Mji wa Majani, Mji wa Mashimo



Mwezi huu tuzungumze juu ya miji yetu midogo. Si Goma wala Bukavu. Tuzungumze juu ya Rubaya, Kitchanga, Mushaki, Ngungu, na ndugu zao wa upande wa Walikale: Njingala, Mubi na nyingine. Vijana wengi wanaishi humo bila kujua miji hiyo ilizaliwa namna gani. Na mtu asiyejua nyumba yake ilijengwa namna gani, siku mvua inapoingia hajui pa kuziba.

Ukitoka Sake na kupanda Mushaki, unaona milima yote ni majani. Ng'ombe wanakula kwenye mteremko, uzio wa miti unakata mlima vipande vipande, na baba mmoja anashuka na chukudu yenye kubeba viazi. Mgeni anasema: hii ni kama Uswisi. Mtoto wetu naye anafikiri Masisi ilikuwa hivyo tangu kuumbwa. Hapana. Zamani sehemu kubwa ya milima hii ilikuwa pori. Majani yale yaliletwa na kazi ya watu, na kazi ile ina historia.

Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda shirika la CNKi, lililopewa ardhi kubwa ya Kivu ili kuwagawia walowezi wazungu. Walowezi walitaka kulima kahawa, chai na pareto, lakini mikono ya kazi ilikuwa michache. Kwa hiyo mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuhamisha watu kutoka Rwanda, ambako watu walikuwa wengi na njaa ilikuwa inarudi mara kwa mara. Mpango ule uliendelea mpaka mwaka 1955, na watu kama 85,000 waliletwa. Wengi waliwekwa Gishari, katika nchi ya Wahunde. Walitengenezewa hata utawala wao, kiisha ukavunjwa mwaka 1957.

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Wahunde hawakuulizwa vizuri kama wanataka kutoa ardhi ya mababu zao. Na wale walioletwa, wengi hawakuchagua mlima gani watakaa. Wote wawili walipangwa na mtu wa tatu, aliyekuwa na kalamu na karata mkononi. Wajukuu wao ndio wanaogombana leo, na yule mwenye kalamu amekwisha kwenda kwao zamani.

Uhuru ulifika mwaka 1960, lakini shida ya ardhi haikutoka. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa serikali. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Mobutu alitangaza zaïrianisation, na mashamba ya wageni yakagawiwa Wazaire, zaidi wale waliokuwa na rafiki Kinshasa. Mengi yaligeuzwa kuwa malisho ya ng'ombe. Mkulima mdogo aliyekuwa analima maharagi kwa ruhusa ya mwami, bila karatasi ya serikali, siku moja alikuta uzio umepita katikati ya shamba lake. Hata uraia ulichezewa: sheria ya mwaka 1972 iliwapa wengi, ile ya 1981 ikawanyang'anya, na ile ya 2004 ikafungua mlango tena.

Lakini tusiseme mabaya peke yake. Majani yalitupa maziwa, na maziwa yakatupa fromaji. Ni nani hajui fromaji ya Masisi, ile ya mviringo inayouzwa mpaka Goma na Kinshasa? Kazi yake ni ya subira. Maziwa yanapashwa moto kidogo, yanatiwa dawa ya kugandisha, yanakatwa, yanachujwa, yanakandamizwa katika kifaa, yanalowekwa katika maji ya chumvi, na mwisho yanakaa kwenye mbao mpaka ngozi ikauke. Kilo moja inaomba kama litre kumi za maziwa. Mtu hawezi kuifanya peke yake: kuna mchungaji wa ng'ombe, kuna mbebaji wa bidoni, kuna mpishi, kuna mwuzaji. Katika kazi ile watu wa makabila mbalimbali walijuana kwa majina, walikopeshana, hata walioleana.

Kiisha vita ikafika. Mwezi wa Machi 1993 watu waliuawa kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, na moto ukaenea Masisi yote. Maelfu walikufa. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa wingi sana, pamoja na wenye silaha, na katika miaka ya 1995 na 1996 milima yetu iliwaka tena. Mwezi wa Mei 1996 watu waliokimbilia monasteri ya Mokoto waliuawa kwa mamia. Ng'ombe nao walikwisha: waliibiwa, walichinjwa, waliuzwa kwa bei ya kutupa. Malisho yalibaki bila kengele.

Ni juu ya majani yale yaliyobaki matupu ndipo mji wa mashimo ulikomaa. Mwaka 2000 bei ya tantali, ile inayotoka ndani ya koltani na kuingia katika simu na mashine nyingi, ilipanda karibu mara kumi katika soko la dunia. Rubaya, mahali padogo kati ya malisho, pakajaa watu. Mchungaji aliacha fimbo akashika beshi. Mwalimu aliacha choko. Mwaka uliofuata bei ikaanguka vilevile ilivyopanda, lakini watu hawakurudi wote. Leo inakadiriwa kwamba vilima vya Rubaya vinatoa kama asilimia 15 ya koltani yote ya dunia. Tarehe 30 Aprili 2024 waasi wa M23 waliuteka mji huu, kama walivyokwisha kuteka Kitchanga Januari 2023. Kitchanga ile ile ilikuwa imekwisha kuchomwa sehemu kubwa katika mapigano ya mwaka 2013.

Walikale walipita njia nyingine, lakini somo ni moja. Bisie ilikuwa pori tupu. Kasiteriti ilipopatikana mwanzoni mwa miaka ya 2000, kambi kubwa za hema na mbao zikasimama. Watu walibeba mifuko mgongoni katika matope, na ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami kule Kilambo kuichukua. Mwezi wa Septemba 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, ikaufungua tena Machi 2011. Miezi sita tu! Lakini waulize bamama wa Njingala miezi ile ilikuwa mirefu namna gani. Mahali ambapo mihogo ilikuwa imeachwa, franga ilipokatika hapakuwa na kitu cha kutia katika sufuria. Mji unaosimama kwa mguu mmoja, ukisukumwa kidogo unaanguka.

Jambo hili si letu peke yetu. Kule Kanada kuna nchi pana ya majani, inaitwa Prairies. Serikali na kampuni za treni ziliwaita wageni kutoka Ulaya kuja kulima ngano, na wenyeji wa kwanza wakasukumwa kwenye maeneo madogo. Kila kituo cha treni kilizaa mji mdogo: ghala refu la ngano, duka, masomo, kanisa. Kiisha kampuni ziling'oa reli nyingi, maghala yakabomolewa, vijana wakaenda miji mikubwa. Miji mingi imebaki na nyumba chache, mingine imekufa kabisa. Lakini watu wa kule walifanya jambo moja ninalotaka tuige. Mwaka 1980 jimbo la Saskatchewan lilipofikisha miaka 75, vijiji vingi viliandika vitabu vya historia yao. Havikuandikwa na profesa. Kila familia iliandika habari zake: tulitoka wapi, tulifika namna gani, tulijenga nini. Leo hata mahali ambapo mji umekwisha, kitabu kipo.

Na sisi? Historia yetu inafundishwa wapi? Ninawaambia wazi: mara nyingi inafundishwa usiku, kando ya moto, na mtu mwenye bunduki. Anamwambia kijana: "Sisi ndio tulifika kwanza, wale ni wezi." Kijana hana la kujibu, kwa sababu nyumbani baba alinyamaza. Baba alinyamaza kwa maumivu, tunaelewa. Lakini mahali pa ukimya wa baba, mwingine anaweka maneno yake.

Basi ninaleta shauri hili kwa familia zetu. Nunueni kayee moja ya nyumbani. Mzee aseme, kijana aandike. Ulizeni maneno manne tu. Babu na bibi walizaliwa wapi? Juu ya nini walihama? Walifanya kazi gani walipofika? Na la nne, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: siku walipofika hapa, ni nani aliyewapa moto, mbegu au mahali pa kulala? Swali la nani alifika kwanza limetuua kwa miaka mingi. Swali la nani alitupokea linaweza kutuponya, kwa sababu karibu kila familia ya Masisi na Walikale, iwe ya Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wanande, Wahutu au Watutsi, imewahi kukimbia, na ilipokimbia ilipokelewa na mtu. Na mara nyingi mtu yule hakuwa wa kabila lake.

Mtu ataniuliza: Pasta, karatasi haiwezi kutuletea hatari? Inaweza. Kwa hiyo msiandike hesabu ya ng'ombe, wala mipaka ya lupango, wala majina ya waliomwaga damu. Mambo ya mpaka yana baraza lake, na mambo ya damu yana mahakama yake. Kayee hii ikikamatwa na mtu mbaya, asikute ndani yake kitu cha kumsaidia kuua. Akute tu habari za moto, mbegu na kitanda.

Na kwa vijana wa mashimo nina neno lingine. Wengi wenu mmetoka mbali, na kwenye shimo mnaitwa kwa jina la utani peke yake. Udongo unapobomoka wakati wa mvua na kufunika mtu, marafiki wanalia, lakini hawajui wapeleke habari kwa nani. Mama yake anaendelea kungoja, pengine miaka. Tafadhali, acha jina lako la kweli na kijiji chako kwa mtu mmoja unayemwamini: mzee wa kanisa, mama wa nyumba unayopanga, rafiki mwenye akili. Na wewe uliye chini ya miaka 18, mahali pako si ndani ya shimo. Sheria ya madini ya mwaka 2002 inatoa kadi ya mchimbaji kwa mtu mzima peke yake, na tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure. Mahali ambapo darasa bado limesimama, mzazi asimtoe mtoto humo kwa sababu ya kilo ya koltani.

Mnakumbuka habari ya Isaka na visima, katika Mwanzo 26. Visima vya baba yake vilikuwa vimezibwa. Alivichimba tena, akaviita kwa majina yale yale ya zamani. Wachungaji wa kule walipogombania kimoja, alichimba kingine, na kingine, mpaka akafika penye nafasi kwa wote. Sisi ni watu wa kuchimba, tunajua kazi ile. Tumechimba koltani, tumechimba kasiteriti. Sasa tuchimbe na majina.

Koltani ya mlima ina mwisho, hata kama leo inaonekana haina. Siku moja mnunuzi atakwenda kwingine, kama alivyokwenda mwenye pareto na mwenye chai. Siku ile mlima utabaki, na majani yataota tena polepole pembeni ya mashimo. Watakaobaki juu yake ni watoto wetu, pamoja na watoto wa jirani. Jumapili hii, baada ya chakula, ita mzee wa nyumba yako, mpe kiti kizuri, na umuulize lile swali la nne.