Makofi Hayana Jina

Usiku wa Alhamisi, tarehe 19 Machi 2020, Hospitali ya Northwick Park, London, ilitangaza kwamba imefurika wagonjwa wa korona. Chumba cha wagonjwa mahututi hakikuwa na nafasi tena, na waliozidiwa ikabidi watafutiwe vitanda katika hospitali za jirani. Hospitali hiyo ni kituo cha pili kwa treni ukitoka Wembley Park. Ndiko wanakokimbizwa watu wa Wembley wakishikwa na maradhi usiku, ndiko wanawake wengi wa huko wanakojifungulia, na wapo wengi ambao ndiko wanakochumia riziki. Wiki moja baadaye, Alhamisi vilevile, saa mbili usiku, tao la Uwanja wa Wembley liling'aa kwa taa za buluu, na mitaa mizima ikatoka milangoni kuwapigia makofi wauguzi na madaktari. Waliokuwa na sufuria waligonga sufuria. Mambo yakawa hayo kila Alhamisi hadi tarehe 28 Mei.

Lilikuwa jambo zuri, na mwenye kulibeza hana shukrani. Ila aliyekuwa zamu saa ile hakuyasikia makofi. Alikuwa ndani, barakoa imembana pua, anamgeuza mgonjwa kitandani. Siku zile zile magazeti yalichapisha picha ya wauguzi watatu wa hospitali hiyohiyo wakiwa wamejifunika kwa mifuko ya taka, kwa kuwa mavazi ya kujikinga hayakutosha.

Tangu hapo sifa zimemiminika. Fainali ya Kombe la Ligi ya tarehe 25 Aprili 2021 uwanjani Wembley, kati ya Manchester City na Tottenham, iliruhusiwa watazamaji 8,000 tu, na humo walikuwemo wakazi wa Brent, wilaya yenye Wembley, na wafanyakazi wa NHS, yaani huduma ya afya ya taifa. Tarehe 5 Julai mwaka huohuo, NHS ilipotimiza miaka 73, Malkia Elizabeth wa Pili aliitunukia nishani ya George Cross, nishani ya ushujaa iliyoanzishwa 1940 wakati mabomu yakiiangukia London. Kabla ya hapo ni kisiwa cha Malta mwaka 1942, na askari polisi wa Ireland ya Kaskazini mwaka 1999, waliowahi kuipata kwa pamoja badala ya mtu mmojammoja. Nishani yenyewe ilikabidhiwa katika kasri la Windsor tarehe 12 Julai 2022. Miongoni mwa walioitwa kuipokea alikuwa May Parsons, muuguzi mzaliwa wa Ufilipino, yule ambaye tarehe 8 Desemba 2020 kule Coventry alimchoma Margaret Keenan sindano ya kwanza ya chanjo ya Pfizer kutolewa duniani nje ya majaribio.

Na katikati ya sherehe hizo? Machi 2021 serikali ilipendekeza nyongeza ya mshahara ya asilimia 1. Watu wakang'aka, ikapanda hadi 3. Tarehe 15 Desemba 2022, miezi mitano tu baada ya Windsor, wanachama wa chama cha wauguzi, Royal College of Nursing, waliweka chini vifaa na kusimama nje ya hospitali na mabango, katika mgomo mkubwa kuliko wowote tangu chama hicho kianzishwe mwaka 1916. Nishani hailipi kodi ya nyumba Wembley.

Hapa ndipo wengi wanapopotea njia. Wapo wanaosema: basi sifa ni upuuzi, walipwe tu. Wapo wanaosema kinyume chake: wanalipwa, washukuriwe kwa lipi? Wote wawili wamechanganya madeni. Mshahara wa haki ni deni la mwajiri. Shukrani ni deni la aliyehudumiwa. Serikali haiwezi kulipa la pili kwa nyongeza ya asilimia kadhaa, wala mgonjwa hawezi kulipa la kwanza kwa kugonga sufuria. Afrika Mashariki yenyewe ina ushahidi. Madaktari wa Kenya walisainiana na serikali makubaliano ya maslahi yao mwaka 2013. Yalipokaa kabatini, wakagoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016. Na kila Mei Mosi wafanyakazi bora wa Tanzania huitwa jukwaani kupokea vyeti na ahadi za fedha, na manung'uniko ya ahadi zinazochelewa kufika hayajapata kukauka. Huyo aliyeahidi na adaiwe, tena kwa sauti. Lakini kumdai hakumwondolei mgonjwa deni lake mwenyewe.

Deni la mgonjwa, kwa kweli, ni jepesi kulilipa, na huenda ndiyo sababu halilipwi. Familia nyingi za Wembley zilitoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, au Uganda mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, na nyingine zimekuja juzijuzi kutoka Mombasa, Dar es Salaam na Kampala. Ukarimu hawajausahau. Mzee akitoka wodini salama, watoto wake hupita Ealing Road wakanunua sanduku la jalebi na pakiti kubwa za chevda, wakavitua juu ya meza ya wauguzi saa tisa mchana. Nesi hucheka, huita wenzake, sanduku hufunguliwa. Zamu ya usiku inapoingia, saa moja na nusu jioni, imebaki karatasi yenye mafuta na vipande viwili vya jalebi vilivyoganda. Aliyemshika mzee mkono saa tisa usiku, alipokuwa akiweweseka na kumwita marehemu mumewe, ndiye anayeikunja karatasi hiyo na kuitupa.

Siku mbili baadaye, nyumbani, mazungumzo huwa haya:

"Bibi, ni nani hasa aliyekuwa akikuhudumia?"

"Yule nesi mrefu, mjukuu wangu. Mfilipino yule. Au Mhindi. Mtu mwema mno, Mungu amzidishie."

"Anaitwa nani?"

"Jina? Sikumuuliza."

Kama mtu huyo angemkosea, jina lingejulikana, na jina la mkubwa wake, na saa yenyewe. Lawama ina kumbukumbu kali. Shukrani husahau mpaka sura. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya kwanza ya mtu ni jina lake.

Jina hilo lina kazi kuliko watu wanavyodhani. Tangu Aprili 2016 kila muuguzi na mkunga wa Uingereza hulazimika kuthibitisha usajili wake upya kila baada ya miaka mitatu, la sivyo haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Anatakiwa aonyeshe angalau saa 450 za kazi na saa 35 za mafunzo. Anatakiwa pia awe na maoni matano juu ya utendaji wake, na maoni ya wagonjwa na jamaa zao yanahesabika. Kwa hiyo karatasi moja iliyoandikwa na bibi wa Wembley, au na mjukuu wake kwa niaba yake, yenye mistari mitano inayosema fulani alifanya hili siku fulani, inaweza kuingia katika jalada la muuguzi huyo na kumsaidia kubaki na leseni yake. Hospitali nyingi za NHS zina ofisi ya kusikiliza wagonjwa, inayoitwa PALS. Wengi wanaijua kwa malalamiko tu, ilhali barua za pongezi nazo zinapokewa hapohapo na kufikishwa kwa mhusika na mkubwa wake. Jalebi haiingii kwenye jalada.

Yupo atakayesema kwamba barua ni kavu, afadhali bahasha. Huyo na asikilizwe, kwa sababu anatoka mahali ambapo bahasha ina historia. Katika hospitali nyingi za umma kwetu, watu wamezoea kusikia neno "chai", na chai hiyo hutangulia huduma: mgonjwa hutoa ili apigiwe picha ya eksirei leo na si wiki ijayo. Hiyo ni rushwa, hata ikivishwa kanzu. Uingereza kanuni imeandikwa wazi: mfanyakazi wa NHS hapokei fedha taslimu wala vocha kutoka kwa mgonjwa, na zawadi ya thamani inayozidi pauni 50 haiwi yake binafsi, hata kama mtoaji ana nia njema. Nesi anayeirudisha bahasha hamdharau mtu. Amekatazwa, na akiipokea atakuwa matatani. Barua haimtii mtu matatani, na hakuna atakayeitilia shaka kwa kuwa imekuja baada ya huduma, haikuinunua.

Wakubwa wa hospitali nao hawaachwi. Penye mapokezi ya hospitali nyingi za Kenya na Tanzania pametundikwa sanduku la maoni, la mbao au la bati, kufuli limeshika kutu na vumbi limejaa juu. Na lifunguliwe kila Ijumaa. Barua za shukrani zisomwe kwenye mkutano wa asubuhi, majina yatajwe, kisha nakala apewe mwenyewe. Gharama yake ni funguo na dakika kumi. Bila hivyo, sifa hutangulia kutoka mbali. Anna Qabale Duba alikuwa muuguzi wa hospitali ya rufaa ya Marsabit, mbali kabisa kaskazini mwa Kenya, akipigana na ukeketaji na ndoa za utotoni huku akiwasomesha watu wa kijiji chake. Mei 2022, Siku ya Wauguzi Duniani, alishinda tuzo ya wauguzi ya Aster kule Dubai na dola 250,000. Kenya nzima ikamjua siku hiyo. Chanda chema huvikwa pete, ndiyo, lakini ni aibu kidogo pete ikitoka Dubai kabla ya wa nyumbani kujua kidole kiko wapi.

Kuna kundi jingine ambalo hata tuzo kubwa hazilifikii. Wasukuma machela. Wafagiaji. Wapishi, madobi, wahudumu wa chumba cha maiti. Daktari Kate Granger, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa matibabu ya wazee na yeye mwenyewe akiugua saratani, alilazwa Agosti 2013 akashangaa: watu wanakuja kumtazama, wanamweleza habari nzito za mwili wake, wala hawajitambulishi. Mmoja aliyemtajia jina lake kama binadamu kwa binadamu alikuwa msukuma machela. Granger akaanzisha kampeni ya kuwataka wahudumu waanze kwa kusema, "Jambo, jina langu ni fulani." Ikaenea NHS nzima na nchi nyingine. Alifariki Julai 2016, lakini beji zenye maneno hayo bado zinavaliwa vifuani.

Kampeni hiyo iliwahusu wahudumu. Nusu yake ya pili, ya upande wa mgonjwa, haijaanzishwa na mtu, na Waswahili wa Wembley wangefaa kuianza, maana kwao kuulizana jina na kwao ni wapi ndiyo adabu ya kwanza. Barua haihitaji Kiingereza cha bungeni. Iwe na jina la mhudumu, wodi, tarehe, na kitendo kimoja kilichoonekana kwa macho: alinifunga kitambaa bila kuniumiza, alimtafuta mkalimani, alipangusa sakafu chini ya kitanda changu kisha akaniuliza nimelalaje. "Wafanyakazi wote ni wazuri" ni makofi tu yaliyowekwa kwenye karatasi.

Na vitambulisho vile vinavyoning'inia shingoni vina tabia ya kugeuka, jina likaelekea kifuani na nje kukabaki mgongo mweupe. Mgonjwa asione haya. Na amwombe mwenyewe akigeuze, amtajie jina lake polepole, herufi kwa herufi, na mjukuu aliyekaa kando ya kitanda aliandike hapohapo kwenye simu.