Kicheko cha Vitimbi na Kimya cha FIFA

Jina la Mzee Ojwang' likitajwa katika ukumbi wa mihadhara, hutabasamu hata yule mhadhiri asiyejulikana kwa kutabasamu. Kisha somo huendelea, na Mzee Ojwang' hurudishwa sebuleni, mahali panapodhaniwa kuwa ndipo pake. Ndivyo ulivyo pia mchezo wa FIFA. Wanafunzi huucheza hadi usiku wa manane mabwenini na katika vibanda vya PlayStation vilivyo karibu na malango ya vyuo, ila ni nadra kumpata anayethubutu kuutaja katika pendekezo la utafiti. Inaaminika kwamba burudani ni burudani na fasihi ni fasihi. Imani hiyo ni potofu, na inawagharimu wanaojiita wapenzi wa Kiswahili.

Vitimbi, kipindi kilichowachekesha Wakenya kwa miongo kadhaa kupitia runinga ya KBC, kilimfanya Ojwang' Hatari ajulikane zaidi kuliko Benson Wanjau aliyemwigiza. Wanjau alipofariki Julai 2015, wapo waliokuwa bado hawajui kwamba Mjaluo yule wa kwenye kioo alikuwa Mkikuyu. Hapo ndipo mwanaisimu angepaswa kuketi wima. Dholuo haina sauti sh wala z. Msemaji wake anapokutana na neno "shilingi", aghalabu humtoka likiwa "silingi". Gikuyu nayo ina athari zake, mashuhuri zaidi ikiwa ile ya kubadilishana l na r. Wanjau alilazimika kuzizuia athari za lugha ya mama, kuzivaa za lugha isiyokuwa yake, na papo hapo kuhakikisha kwamba mtazamaji wa Lamu na yule wa Kakamega wote wanaelewa kinachosemwa. Mwanafunzi wa fonolojia anayehangaika na mada ya athari za lugha ya kwanza hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Ulikuwa ukimjia nyumbani kila wiki, bila ada.

Hata hivyo, si kila kicheko cha lafudhi kina thamani moja. Ipo lafudhi iliyo vazi la mhusika, na ipo iliyo mhusika mzima. Ojwang' alikuwa mume mwingi wa vishindo, mwenye sauti kubwa kuliko mamlaka yake, na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, alijua hasa mahali pa kumchoma ili upepo umtoke. Mvue Ojwang' lafudhi yake, umpe Kiswahili cha Mvita, na bado atachekesha, kwa kuwa kinachochekesha ni ndoa yenyewe. Kinyume chake ni wachekeshaji wa majukwaani waliofuata, ambao baadhi yao hawana kisa, hawana mhusika, wala hawana mgogoro. Hutamka tu neno moja kama watu wa kabila fulani wanavyodhaniwa kulitamka, na ukumbi ukaangua kicheko. Katika nchi ambamo, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, matamshi ya mtu yaliweza kumponza njiani, kicheko cha aina hiyo ni cha bei rahisi kwa msemaji na ghali kwa msikilizaji. Vitimbi nacho hakikuwa malaika. Kuna siku kilitegemea ulimi wa kabila pale ambapo kisa kilikuwa kimewaishia. Lakini katika siku zake njema, kilithibitisha kwamba Kiswahili chenye lafudhi kinaweza kubeba mchezo mzima bila kumdhalilisha mwenye lafudhi.

FIFA ni kisa kingine. Mfululizo huo ulianza mwaka 1993, na tangu 2023 unaitwa EA Sports FC, ingawa vibandani jina la zamani halijabanduka. Mchezaji anayetaka kusikia mtangazaji akimsimulia mechi yake anaweza kuchagua Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kijerumani, Kiarabu, hata Kipolandi. Kiswahili hakimo. Kimya hicho kimezoeleka kiasi kwamba anayekilalamikia huonekana mtu wa ajabu.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakijakomaa kwa kazi hiyo. Madai hayo hayana mashiko. Utangazaji wa mpira kwa Kiswahili ulikomazwa na redio ya taifa zamani, enzi za Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, na za Jack Oyoo Sylvester. Msikilizaji aliyekuwa kijijini, maili nyingi kutoka uwanjani, aliuona mpira kwa masikio. Msamiati upo: mlinda lango, mkwaju wa penalti, kuotea, kona, muda wa nyongeza. Msikilizaji wa redio hakuwahi kuhitaji kufasiriwa.

Na kuhusu mitambo, Kiswahili kina bahati ambayo wachache huitambua. Katika mchezo wa aina hii mtangazaji hurekodiwa akisema maelfu ya vipande vya sentensi pamoja na majina ya wachezaji. Kisha programu huviunganisha kulingana na kinachotokea uwanjani. Kipolandi hubadilisha mwisho wa jina kutegemea dhima yake katika sentensi, hata jina likiwa la mgeni, na bado kimeingizwa. Kwa Kiswahili, "Salah" ni "Salah" tu, awe anapiga au anapigiwa. Mchezaji yeyote, awe wa Brazili au wa Misri, huingia katika ngeli ya A-WA pasipo hodi. Isitoshe, timu za taifa za wanawake zilipoingizwa katika FIFA 16 mwaka 2015, lugha kadhaa zilidai sentensi mpya, maana nafsi ya tatu kwao hutenganisha mwanamume na mwanamke. "Amefunga!" ya Kiswahili ingewatosha wote. Kilichokosekana basi si uwezo wa lugha. Yamkini ni hesabu ya soko: vijana watano wanaochangia shilingi zao kibandani huonekana na mtengenezaji kama mashine moja, kama wanaonekana kabisa.

Lakini atakayeingia kibandani hatakikuta kimya. Mara nyingi sauti ya runinga huwa imepunguzwa, na pengo hujazwa na aliyeketi benchini akingoja zamu. Yeye ndiye mtangazaji. Humtaja mchezaji wa kwenye kioo na mchezaji mwenye kidude mkononi kwa pumzi moja, humsifu huyu, humkejeli yule, huchanganya Kiswahili cha redio na Sheng' ya mtaa, na mwenzake akifungwa bao la tatu humwuliza kama alikuja kucheza au kufuta vumbi benchi. Aliyeshinda naye husimama na kujisifu. Shule za upili hufundisha majigambo, malumbano ya utani na mchongoano kama vipera vya fasihi simulizi, na watahini hutaka sifa zake zitajwe: fanani, hadhira hai, ushindani, ubunifu wa papo kwa papo. Sifa hizo zote zimo humo, tena jioni yoyote, hatua mia mbili kutoka idarani.

Tatizo ni kwamba hazirekodiwi. Vitimbi angalau kina kanda za kituo. Mtangazaji wa benchini huzimika umeme ukikatika. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada na kulalamika kwamba kila tamthilia imeshachambuliwa angeweza kuomba ruhusa ya mwenye kibanda na ya wachezaji wenyewe, aweke kinasa sauti juu ya meza, na kuketi pembeni mwezi mmoja. Atahitaji msimamizi asiyecheka anaposikia neno FIFA. Huyo ndiye atakayekuwa mgumu kumpata.