Mwajiri apewe jibu, si faili

Mtu anayeomba kazi ya ulinzi au udereva anaweza kukabidhiwa fomu inayomuuliza kama amewahi kutibiwa ugonjwa wa akili. Atie alama ndiyo au hapana, kisha aweke sahihi ili rekodi zake za hospitali zifunguliwe. Ikishajazwa, fomu hiyo hupita kwa karani, kwa afisa wa ajira, kwa mkuu wa idara, na pengine ikaishia katika faili moja na vyeti vya shule. Mwajiri ana haki ya kujua kama mtu ataiweza kazi. Hana haki ya kusoma aliyomweleza daktari wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inataka zishughulikiwe chini ya mhudumu wa afya au mtu anayebanwa na siri ya taaluma. Basi mwanasaikolojia ndiye aulize, asome na ahifadhi. Ofisini ipelekwe karatasi moja tu: anafaa, hafai, au anafaa akipewa msaada fulani.

Watakaopinga watasema askari hubeba bunduki, na bunduki haina mzaha. Kweli kabisa, na ndiyo maana siupingi uchunguzi wenyewe. Lakini aliyeugua sonona, akaenda kliniki na kupona, ana faili. Mwenzake anayezamisha hasira kwenye pombe na hajawahi kumwona mshauri nasaha, rekodi yake ni safi. Ukichuja kwa rekodi unamwadhibu aliyejitibu, na walio kazini wakitafuta cheo wanajifunza kumkwepa daktari. Marekani, chini ya sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, mwajiri hawezi kuuliza habari za ugonjwa kabla ya kuahidi kazi kwa masharti, na majibu huwekwa faili la peke yake. Polisi wa huko bado wanapimwa akili.

Kuna pia wanaosema mwombaji ameridhia mwenyewe. Ridhaa gani hiyo, ya mtu asiye na kazi mbele ya anayeigawa? Kuhusu VVU Kenya haikudanganyika: sheria ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu apimwe kama sharti la ajira. Kwa afya ya akili tuanzie hapo hapo. Aliyekataliwa aonyeshwe ripoti na aweze kuipinga, na muda wa kupinga ukiisha, rekodi za wasioajiriwa zifutwe.