Keki ya sufuria na vikapu vya magugumaji
Kuoka nyumbani Milimani, Kisumu, hakuhitaji oveni. Sufuria kubwa hutandazwa mchanga na kupashwa moto kwenye jiko la makaa, kisha chombo chenye rojo la keki huwekwa ndani. Kifuniko nacho hupangwa makaa machache juu yake, na hapo ndipo penye ujuzi: moto wa chini ukizidi, keki huungua kitako kabla haijaiva katikati. Mbali na mapishi, ufundi wa mikono wa Kisumu nao hupata malighafi ziwani. Magugumaji, kero kubwa kwa wavuvi wa Ziwa Viktoria tangu miaka ya 1990, huvunwa, na mabua yake hukaushwa juani kabla ya kusukwa vikapu. Yakisukwa mabichi hunywea, kikapu kikalegea.