Mapanga Meusi ya Injini za Jeti: Majibu kwa Wenye Shaka

Boeing 787 ya Kenya Airways na ile ya Air Tanzania ni ndege za aina moja, lakini ukizitazama mdomoni mwa injini utaona tofauti. Ya Kenya ina mapanga 18 meusi, kila moja likiwa na ukingo wa mbele unaong'aa. Ya Tanzania ina mapanga 20 ya kijivu, rangi moja kutoka shinani hadi nchani. Hayo meusi ni ya injini ya GEnx ya General Electric (GE): nyuzi za kaboni zilizoshikwa pamoja kwa resini ya epoksi, yaani kompositi. Ya kijivu ni ya Trent 1000 ya Rolls-Royce, nayo ni titani yenye uwazi ndani. Injini zote mbili zimepata vibali baada ya kujaribiwa kwa ukali. Hata hivyo mapanga meusi yameandamwa na maneno mengi, ya wasafiri wenye hofu na hata ya watu waliosomea uhandisi. Mengi hayana msingi. Machache yana ukweli ndani yake, na hayo nayo yanastahili jibu la haki.

Lipo dai kwamba kompositi ni plastiki, na plastiki haikai kwenye moto. Moto wa injini ya jeti uko nyuma, kwenye chumba cha mwako na tabaini. Feni, yaani gurudumu la mapanga haya, iko mbele kabisa, inavuta hewa ya nje. Katika GEnx, karibu sehemu tisa kwa kumi za hewa hiyo haziufikii moto: zinapita pembeni, na ndizo zinazoisukuma ndege kwa kiasi kikubwa. Feni huibana hewa kidogo tu, karibu mara moja na nusu, na kubanwa huko huongeza joto kwa nyuzi 40 hivi. Siku ya nyuzi 45 pale Dubai, hewa inayoliacha panga ina nyuzi 85 au karibu na hapo. Epoksi ya mapanga haya hupikwa kwenye joto la nyuzi zinazokaribia 180. Anayehofia kuyeyuka anaizungumzia sehemu ambayo hakuna mhandisi aliyewahi kuiweka epoksi. Huko kwenye joto hutumika kompositi za aina nyingine kabisa, za seramiki, kama zile za pete zinazoizunguka tabaini ya injini ya LEAP.

Dai la pili ndilo linalopendwa na wanaojua historia kidogo: kwamba Rolls-Royce walijaribu kaboni, wakafilisika, na kesi ikaishia hapo. Historia yenyewe ina mafunzo mengi kuliko hivyo.

Mwaka 1968 Rolls-Royce walishinda zabuni ya kuitengenezea Lockheed injini ya ndege ya TriStar. Injini hiyo, RB211, ilikuwa iwe na mapanga ya Hyfil, kompositi iliyotumia nyuzi za kaboni ambazo watafiti wa serikali ya Uingereza huko Farnborough walikuwa wameziendeleza miaka michache kabla. Kwa nguvu ya kuvutwa, mapanga yale yalikuwa mazuri. Mwaka 1970 yakafikishwa kwenye jaribio la ndege wa angani, ambapo kuku mzima hurushwa kwa kasi ndani ya feni inayozunguka. Yalivunjika. Kampuni ikarudi kwenye titani, ambayo kwa bahati njema ilikuwa imeandaliwa sambamba kama akiba. Tarehe 4 Februari 1971 ikatangaza kufilisika, na serikali ya Edward Heath ikaitaifisha. Lakini deni lililoizamisha lilitokana na gharama za mradi mzima, ambao bei yake ilikuwa imefungwa kwenye mkataba tangu mwanzo. Panga la Hyfil lilikuwa jeraha moja kati ya mengi.

Kwa nini lilivunjika? Nyuzi za kaboni zina nguvu za ajabu upande zilikolala. Kuku hafuati upande huo. Anapiga ukingo wa mbele, anaukunja, na mshtuko unasafiri kati ya tabaka moja na jingine, mahali ambapo hakuna uzi hata mmoja, ni resini peke yake. Fundi wa boti za faiba wa pwani yetu analijua jambo hili kwa mikono yake: boti hailemai kwa nyuzi kukatika, hubanduka tabaka kwa tabaka pale resini iliposhika vibaya au kiputo cha hewa kilipobaki. Resini ya miaka ya 1960 ilikuwa ngumu lakini yenye kuvunjika kirahisi. Na umbo la panga lile bado lilikuwa na tabia ya panga la chuma: jembamba, lenye ukingo usio na kinga ya kutosha. Walibadilisha malighafi kabla ya kubadilisha fikra.

Hapa ndipo ninapoona kosa linalorudiwa na karibu kila mwenye kuzilaumu kompositi, na wengi wanaozisifu vilevile. Kipande cha chuma huchongwa kutoka kwenye chuma ambacho tayari kipo na sifa zake zinajulikana. Kipande cha kompositi huzaliwa pamoja na malighafi yake. Mbunifu anapoamua tabaka hili lilale kwa pembe gani, lianzie wapi na likome wapi, anaamua kwa wakati mmoja umbo na nguvu ya kitu. Kuuliza kama kaboni inafaa au haifai, bila kuuliza imelazwaje, ni swali lisilo na jibu.

GE hawakuruka moja kwa moja. Katika miaka ya 1980 waliunda GE36, injini yenye mapanga ya kompositi yaliyokaa wazi nje ya ganda, na ikaruka kwenye Boeing 727 mwaka 1986. Kutoka hapo ikaja GE90, iliyoanza kubeba abiria wa British Airways mwaka 1995, robo karne baada ya kuku wa Rolls-Royce. Litazame panga lake kwa karibu. Shinani ni nene, mamia ya tabaka zimerundikana na kutanuka ili lijifunge kwenye mfuo wa diski. Kadiri unavyopanda, tabaka zinakoma moja baada ya nyingine, kila moja mahali palipopigiwa hesabu, mpaka nchani linabaki jembamba. Uso mmoja umepakwa poliyurethani ili mchanga na mvua visiule. Ukingo wa mbele umevikwa titani iliyogandishwa kwa gundi, ili ndege wa angani akatwe na chuma na mshtuko utawanywe kabla haujazifikia nyuzi. Panga ni pana, na epoksi yake imeongezewa vitu vya kuifanya ivumilie kupigwa. Panga la toleo la baadaye, GE90-115B, limewekwa kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, na aliyewahi kupanda Boeing 777-300ER ya Emirates kutoka Dar es Salaam kwenda Dubai amevutwa angani na ndugu zake 44, 22 kila upande.

Sasa wanaosema chuma ndicho cha kuaminika. Tarehe 17 Aprili 2018, panga la titani la injini ya ndege ya Southwest namba 1380 lilikatika shinani huko Marekani. Ufa wa uchovu ulikuwa umekua pole pole ndani ya shina bila kuonekana. Abiria mmoja alifariki. Tarehe 20 Februari 2021, panga la titani lenye uwazi ndani lilikatika kwenye Boeing 777 ya United iliyokuwa imetoka Denver, na vipande vya ganda la injini vikaangukia makazi ya watu. Sitaji haya kuichafua titani, ambayo imebeba mabilioni ya abiria salama. Nataka tu tuache kuamini kwamba chuma hakina siri. Chuma huchoka: ufa mdogo hukua kwa kila safari hadi siku moja kipande kizima kinaachia. Kompositi huumia kwa njia nyingine. Nyuzi huzuia ufa usikimbie kutoka upande mmoja hadi mwingine, lakini panga laweza kupigwa na kubaki na mbanduko ndani huku uso wake ukionekana mzima. Ndiyo maana hukaguliwa kwa mawimbi ya sauti, si kwa macho peke yake. Hapo wakosoaji wana haki kamili, pamoja na hili: panga la titani lenye mchubuko mdogo fundi hulisawazisha kwa tupa likarudi kazini, ilhali kompositi iliyoumia kwenye tabaka mara nyingi hutolewa.

Kuhusu ndege wa angani, sheria haijali panga ni la nini. Injini yenye mdomo mkubwa kama wa GE90 hurushiwa ndege mmoja wa kilo 3.65, na baada ya hapo ni lazima iweze kuzimwa bila kuihatarisha ndege. Kwa makundi ya ndege wadogo zaidi ni lazima iendelee kufanya kazi na kutoa angalau robo tatu ya msukumo wake. Hyfil haikuvuka kizingiti chake. Waliofuata walivuka.

Dai zito kuliko yote nimeliacha hadi hapa, nalo ni kwamba mamlaka za usafiri wa anga ziliwalegezea kamba watengenezaji wa kompositi. Kanuni ya Marekani, kifungu cha 33.94, inataka panga moja liachiwe makusudi injini ikiwa kwenye kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa, na ganda lizuie vipande. Kwa chuma, mkato hufanyika chini, kwenye shina linaloshikwa na diski. Kwa mapanga ya GE mamlaka ziliandika masharti maalumu yaliyoruhusu mkato ufanyike juu zaidi, pale panga linapoanza kukutana na hewa. Kipande kinachoruka kinakuwa kidogo kuliko panga zima. Kwa hiyo ni kweli, jaribio ni tofauti. Lakini ruhusa hiyo ilikuja na mzigo: mtengenezaji athibitishe kwamba shina lenyewe halitaachia, akihesabu uchovu, uchakavu, kasoro za kiwandani, hata kupigwa na radi. Nadhani ni busara kuendelea kuiuliza mamlaka maswali juu ya uthibitisho huo, kwa kila injini mpya. Kuiita ruhusa hiyo upendeleo ni kuisoma nusu.

Je, kilo chache zinazookolewa na wepesi wa kompositi zina thamani yoyote kwa ndege ya tani mia mbili na zaidi? Piga hesabu. Chukua panga la kilo 20, kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 90 kutoka kwenye mhimili, likizunguka mara 2,400 kwa dakika. Nguvu inayotaka kuling'oa kwenye diski ni sawa na uzito wa tani 115 hivi. Ongeza kilo moja tu, na shina linavutwa kwa karibu tani sita zaidi. Mzigo huo unabebwa na diski, kwa hiyo diski inanenepa. Ganda la kuzuia panga lililokatika nalo linanenepa, kwa sababu kipande kizito kinaruka na nishati kubwa. Kisha mhimili, beringi, fremu, nguzo inayoshika injini, hadi bawa. Kilo inayotolewa kwenye panga inaondoka na kilo nyingine nyingi nyuma yake. GEnx ilikwenda mbele zaidi kwa kulifanya ganda la feni nalo kuwa la kompositi.

Wanaosema kompositi ni njia ya watengenezaji kubana matumizi hawajaona kiwanda. Panga la LEAP, injini ya Boeing 737 MAX za Air Tanzania, hufumwa kwa nyuzi za kaboni kwa pande tatu, ili hata kati ya tabaka kupite uzi. Kitambaa hicho huwekwa kwenye kalibu, resini husukumwa ndani kwa shinikizo, kipande hupikwa, kisha huvikwa ukingo wa titani na kukaguliwa. Kazi hiyo inafanyika Rochester huko New Hampshire na Commercy huko Ufaransa, katika viwanda vilivyojengwa kwa ajili yake. Hakuna urahisi hapo.

Limebaki dai la upande wa pili, la mashabiki: kwamba kaboni imeshinda na titani inakwenda kuzikwa. Si hivyo. Panga la kompositi likitaka kustahimili kupigwa huwa nene, na unene huigharimu hewa inayopita. Kwenye feni kubwa hasara hiyo ni ndogo, kwenye feni ndogo inauma. GE9X ya Boeing 777X, yenye mapanga 16 na feni ya mita 3.4, imetumia ukingo wa chuma cha pua badala ya titani ili mapanga yaweze kuwa membamba zaidi. Rolls-Royce wenyewe, waliokaa na titani kwa miongo, wameyarudia mapanga ya kaboni kwenye UltraFan, iliyowashwa kwa mara ya kwanza Derby mwaka 2023. Na Airbus A220 za Air Tanzania zinatumia injini ya Pratt & Whitney ambayo mapanga yake ni ya alumini yenye ukingo wa titani, kwa sababu giaboksi inaiwezesha feni kuzunguka polepole na mzigo kwenye shina unapungua. Matatizo yaliyozilaza chini ndege nyingi za familia hiyo ya injini duniani yalitoka ndani zaidi, kwenye chumba cha mwako na kwenye sehemu zilizotengenezwa kwa unga wa metali. Yale mapanga ya alumini hayakuwa chanzo chake.