Nani Alimpa Thabeet Pasi?



Juzi baada ya mazoezi ya kwaya hapa Mshangano, vijana walikuwa wakimtania mwenzao mmoja ambaye huinama akipita mlango wa sakristia. "Wewe utaishia kama Thabeet," walimwambia, naye akanywea kama aliyetukanwa. Nikaacha kukusanya vitabu vya nyimbo. Kwani Thabeet aliishiaje?

Hasheem Thabeet ni mtoto wa Dar es Salaam. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, akawa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Hapo ndipo watu hucheka, maana Curry amekuwa bingwa mara nne.

Lakini tuangalie kila mmoja alicheza na nani. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut, Thabeet alikuwa na A.J. Price wa kumletea mpira, na Jeff Adrien wa kugombania naye mipira inayorudi kutoka kwenye ubao. Yeye alisimama chini ya kikapu akizuia mitupo zaidi ya minne kila mchezo, na mwaka huo wa 2009 timu ikaingia nne bora za vyuo. Alipofika Memphis, nafasi yake ilikuwa na Marc Gasol, na mwaka uleule akaletwa Zach Randolph. Wawili hao walishikana hasa! Thabeet alipata dakika kama 13 kwa mchezo, na kabla ya miaka miwili kwisha akapelekwa Houston.

Sisemi hakuwa na upungufu wake. Alianza kucheza akiwa kijana wa miaka kama 15. Ila Curry naye, katika ubingwa wake wote minne, alikuwa na Klay Thompson na Draymond Green. Hata Michael Jordan aliingia ligi mwaka 1984 asipate ubingwa hadi 1991, Scottie Pippen alipokwisha kukomaa.

Sisi wauguzi tunalijua hili. Ukipangwa zamu na mwenzako asiyekabidhi wagonjwa vizuri, utaonekana mzembe hata ukikesha.

Yule mtani mkubwa ndiye anayegawa mipira katika timu yao ya Jumamosi. Nikamwuliza, "Mwanangu, juma lililopita ulimpa mwenzako pasi ngapi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole.