Msimu Mpya, Matumaini Mapya



Kila ifikapo Agosti, mazungumzo hapa Kasingirima hubadilika. Baba aliyemaliza msimu uliopita akiapa kwamba mpira hautazami tena, sasa anauliza kama ratiba ya ligi imetoka. Watoto wanafua jezi za mwaka jana. Ukimwuliza mumeo kama timu itafanya vizuri, anakujibu bila kusita, "Mwaka huu ni wetu!" Nawe unacheka kimoyomoyo, kwa maana maneno hayo uliyasikia mwaka jana, na mwaka juzi pia.

Je, huu ni upumbavu? Hebu tulitazame jambo hili kabla ya kumcheka mwenzi wako.

Kwanza, mshabiki ana sababu zake. Mwezi Desemba 2018, Mashujaa ya Kigoma ilikuwa bado haijafika Ligi Kuu. Ilisafiri hadi Dar es Salaam, ikaitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa mabao 3-2. Hata hivyo, ilingoja hadi mwaka 2023 ndipo ikapanda Ligi Kuu, baada ya kuishinda Mbeya City katika mchujo. Aprili 2024 Simba wakaja wenyewe Uwanja wa Lake Tanganyika, wakatolewa tena, safari hii kwa penalti. Aliyeyaona hayo huwezi kumwambia kwamba timu ndogo haina lake. Tena siku ligi inapoanza, timu zote 16 zina pointi sifuri.

Pili, sisi watu wa ziwani tunaishi hivyo hivyo. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali hupumzika na kushona nyavu, na giza likirudi huingia ziwani, hata kama safari iliyopita walirudi mikono mitupu. Mwaka 2024 upande wetu wa ziwa ulifungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ni mama gani hakuzihesabu siku zile, akiwaza dagaa na migebuka? Ligi nayo ilianza katikati ya Agosti hiyo hiyo. Hatukuwacheka wavuvi walipotayarisha taa zao.

Basi tufanye nini na matumaini ya washabiki wetu?

Usiyazime. Mtoto anayeipenda timu isiyoshinda kila wiki anajifunza kushindwa bila kususa. Timu ikifungwa, usimtanie baba mbele ya watoto. Mwandalie chakula chake. Mazungumzo yatakuja baadaye. Ukiweza, keti naye siku moja umwulize jina la golikipa. Utashangaa jinsi atakavyofurahi.

Lakini weka mpaka. Kutumaini ni jambo moja, na kubahatisha ni jingine. Siku hizi watu hubeti kwa simu, na fedha ya mboga au ya madaftari yaweza kupotea kwa dakika 90. Mshabiki huipenda timu yake asidai malipo. Anayebeti hutaka timu imlipe, na isipomlipa huichukia, na hasira hiyo huiingiza nyumbani. Kwa hiyo zungumzeni kabla ligi haijaanza, mkiwa mmetulia: kiasi gani ni cha kiingilio na nauli, na fedha ipi haiguswi kamwe. Jioni ya kufungwa si wakati wa kupanga matumizi.

Mwisho, tujifunze kwao. Mtu anayeweza kusahau kipigo cha Mei ifikapo Agosti ana moyo ambao nyumba nyingi zinauhitaji. Sisi akina mama mara nyingi tunatunza hesabu ndefu: neno alilosema wifi mwaka juzi, ahadi ambayo mume hakuitimiza, mtihani aliofeli mtoto. Mtoto aliyeshika mkia darasani, shule zikifunguliwa naye anatamani kuanza na sifuri sawa na wenzake. Asipoipata nafasi hiyo kwa mama yake, ataipata kwa nani?